Kidonda Kisicho na Mdudu

Wapendwa, muuguzi mmoja wa zahanati alikuwa na mgonjwa aliyemchosha kuliko wote. Mzee huyo, fundi viatu, alichubuliwa ugoko na pedeli ya baiskeli mwezi wa tatu. Mwezi wa nane kidonda bado kibichi. Kila Jumatatu muuguzi anakisafisha, anakifunga, anamsihi asikiguse. Jumatatu inayofuata mzee anarudi bendeji hana, kidonda kimesuguliwa kwa maji ya chumvi na kumwagiwa unga wa vidonge vya rangi mbili vya kuua wadudu. Nyama changa ikichomoza, yeye anaona wekundu, anasema ni uchafu, anasugua tena. Na daktari alishaonya kwamba kikifika kwenye mfupa, mguu unakatwa. Muuguzi alitamani kulia. Mngemlaumu?

Mwishowe akachukua majimaji ya kidonda yakapimwe. Majibu yaliporudi akamkalisha mzee kwenye benchi.

"Babu, humu hamna mdudu hata mmoja."

"Sasa kinachonila ni nini, mwanangu?"

Akamweleza, huku akijizuia asipandishe sauti, kwamba mwilini tuna askari. Ukiumia wanakuja, wanaua wadudu, wanazoa uchafu, kisha haohao wanaita nyama mpya iote. Ujanani wanajua vita vikiisha. Uzeeni wengine hawajui kuacha, wanabaki palepale wanapiga, na kinachopigwa ni nyama ya mwenye mwili. Naye kila akisugua, anawaita upya.

"Adui aliondoka zamani, babu. Siku zote hizi unajila mwenyewe."

Mzee akautazama mguu wake, akauliza kwa sauti ndogo kama bado utapona.

Mnamcheka? Mimi nimeshindwa. Mwalimu wa kwaya aliyeligawa kanisa letu pande mbili alishahama wilaya, huu mwaka wa pili. Kosa lake lilikuwepo, na waliosimama kulipinga walifanya vyema. Lakini leo tunapigana na nani? Vijana sita walijiunga na kwaya Pasaka, na kila mmoja tukamhoji mama yake alikuwa upande gani. Nimechoka nanyi, nasema wazi, nami nimo humohumo, maana niliuliza pia.

Kati ya hao sita wamebaki wawili, wale pale nyuma. Tukitoka hapa, nendeni mkawape mkono, mkawaulize majina yao tu.