Chura Aliyepiga Hodi Chemchemini

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Kiu!

Basi, kiu ilikuwa ya Bi Chura. Alikwenda bonde la pili kumuuguza dada yake. Aliporudi kwenye chemchemi alikozaliwa, alimkuta Fisi amekaa juu ya mwamba, na chini, kwenye tope, pana tangazo lenye muhuri wa wayo wake: KISICHO NA MWENYEWE NI MALI YA OFISI.

Ofisi ilikuwa Fisi.

"Hodi!" akaita Chura.

"Unampigia nani hodi?"

"Aliyeitengeneza chemchemi, Bwana Mkubwa."

"Nani kamwona? Mlete hapa, na barua yake, nakala tatu."

Chura akatazama maji. Ngozi ilikuwa ikimpasuka. Chini kabisa aliliona lile jiwe jeusi alilolalia utotoni. Ubaridi wake tumbo lilikuwa halijausahau.

"Maji haya huja kila siku, yamepoa, yamechujwa. Yanajichuja yenyewe?"

"Yametokea tu!"

"Haya. Basi hata kwenye gogo lile kuna asali imetokea tu. Vijumba vyote pembe sita, hakuna kilichopinda."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Kuna mtu pale?"

"Mtu sikumwona. Ila ningekuwa wewe ningepiga hodi."

"Hodi ya nini? Mali ya ofisi!"

Mbio, kidi! kidi! kidi! Pua ndani ya gogo, chwa!

Vuuuuu!

"Mama wee! Wenyewe wamekuja!"

Fisi akarudi mbio, uso umevimba kama boga, akitaka kujitosa majini.

"Bwana Mkubwa," akasema Chura, "waliojenga vijumba ni wadogo kama punje, nawe umekuwa hivyo. Aliyejenga chemchemi unamkadiria ukubwa gani? Na siku zote hizi hujampigia hodi."

Fisi akatazama maji. Akatazama mwamba. Akatazama mbingu. Akaenda zake, hakuaga.

Chura akajitumbukiza, chubwi! Jiwe lilikuwa baridi vilevile. Akatoa kichwa, akaita, "Hodi!" Hakuwa na ombi. Alitaka amwone tu, amwambie asante.

Kimya.

Kesho yake akaita tena. Wanawe wakaita, wajukuu wakaita. Hata leo wanaita. "Karibu" haijasikika bado. Maji nayo hayajakauka.

Hadithi imefika kisimani: mwenye kiu na anywe. Na funzo, wanangu? Ukikuta kitu kizuri, usiulize kimetoka kwa nani; piga muhuri, ule upesi. Fisi alikosea kimoja tu: zile nakala tatu hakuzijaza yeye.