Zimwi Lililomvizia Revabai

Mliochoka sogeeni, maana hadithi ya leo ni ya mchovu mwenzenu.

Hapo kale alikuwepo mjane wa Kihindu, Revabai, aliyetikisa kibuyu cha maziwa kila asubuhi ili apate siagi ya kumpelekea Mungu wake hekaluni. Kila kibuyu kikitikisika, humwita Mungu huyo kwa jina, "Krishna!"

Zimwi likamtamani. Lakini zimwi lile lilikatazwa kumla mtu, ila yule ambaye moyo wake umemwacha Mungu.

Likaja kwanza na bangili za dhahabu. "Mama, tazama tu!" Akatikisa: "Krishna!" Zimwi likarudi na njaa.

Likaja tena na sauti ya marehemu mumewe. "Reva, njoo." Machozi yakamtoka, akatikisa: "Krishna!" Zimwi likarudi na njaa.

Mara ya tatu halikuja na kitu. Lilikaa mlangoni likangoja.

Miaka ikapita, vidole vya Revabai vikavimba. Siku moja akakibwaga kibuyu, maziwa yakamwagika, akafoka akitazama juu: "Nimechoka! Siagi yangu unaila kila siku, na mgongo wangu hujaujulia hali hata mara moja. Leo sikuiti!"

Zimwi likamrukia, kinywa wazi. Kinywa kikagoma kufumbika.

"Mbona siwezi kukula? Si umemwacha Mungu wako?"

"Nimemwacha?" Revabai akashangaa. "Kwani muda wote huu nilikuwa nagombana na nani?"

Akainama taratibu, akaokota kibuyu.

Nami hadithi naitua hapa. Mwenye mgongo kama wangu akalale.