Kitufe cha Asubuhi

Huruma ni tamu, lakini ikikaa mahali pa ukweli huoza. Wahenga waliliona hilo walipomtazama mzazi anayeogopa kumwambia mwanawe neno chungu. Nasi na tumtazame Marlys Tollefson, mjane wa mji mdogo kaskazini mwa Minnesota, mwanamke aliyechoshwa na baridi, na magoti yake, na zaidi ya yote na kusema "si mbaya" palipokuwa na ubaya.

Binti yake wa pekee, Britta, alifanya kazi ya ofisi mjini Minneapolis, na kila jioni alijifungia kutengeneza programu ya simu. Wazo lilimjia baada ya shangazi yake kuanguka bafuni na asijulikane mpaka kesho yake. Mtu anayeishi peke yake angebonyeza kitufe cha kijani kila asubuhi, na watu wake wangepata ujumbe kwamba yuko salama. Asipobonyeza hadi saa tatu, simu zao zingelia kama king'ora. Miaka miwili Britta aliihangaikia kazi hiyo, akakonda kama ng'onda.

Kabla ya kuitoa kwa umma, aliwapa mama yake na wanawake wenzake wa kanisani toleo la majaribio.

"Mama, msinionee haya," alisema. "Kazi yenu ni kutafuta kasoro. Mkiona baya, niambieni."

"Tutakwambia, mwanangu. Kwanza kula, umebaki macho tu."

Wiki hiyo hiyo Marlys aliliona baya. Alichomoa simu kwenye chaji, na kabla hajagusa kitufe, programu ikaandika kwamba amebonyeza na yuko salama. Kesho yake ikawa vilevile. Akaanza kumwandikia Britta, akaukumbuka ule uso uliosinyaa, akafuta. Kwenye nafasi ya maoni akaandika: "Si mbaya hata kidogo. Rangi inapendeza."

Jumapili, baada ya ibada, wanawake walikaa kwenye kahawa na keki ya limau.

"Yangu jana imesema nimeamka salama," Verna alinong'ona, "na mimi bado nakoroma! Mume wangu kaichomoa tu kwenye chaji, basi."

"Hata yangu," akasema Arlene. "Umemwambia msichana?"

"Mimi? Thubutu! Mama yake si huyu hapa?"

Wakamgeukia Marlys. Marlys akakoroga kahawa isiyo na sukari.

"Mtoto amechoka sana," alisema. "Ngojeni apumzike kidogo."

"Kweli, masikini. Chukua keki nyingine, shoga."

Basi likazungumzwa mezani likaisha mezani. Mwenye kazi yake ndiye peke yake ambaye hakulisikia.

Mwezi wa Novemba Britta alipiga simu. Maoni yote yalikuwa mazuri, alisema, na sasa alitaka kuitoa.

"Lakini niambie ukweli, mama. Iko sawa?"

Marlys aliibana simu sikioni. Alisikia pumzi za binti yake upande wa pili, nzito, za mtu asiyelala.

"Iko sawa, mwanangu."

Britta akacheka kwa furaha. Marlys aliweka simu chini akajisikia mchovu kuliko siku aliyomzika mumewe.

Asubuhi moja ya Januari alichomoa simu kwenye chaji, akaiacha mezani, akatoka na kopo la mbegu za ndege. Ngazi za nyuma zilikuwa zimeshika barafu. Aliteleza, akaanguka kwa ubavu, nyonga ikavunjika. Alipiga kelele, lakini hapakuwa na mtu. Mwanzoni hakuogopa sana. Saa tatu itafika, alijiambia, na simu ya jirani yake Duane italia. Kisha akakumbuka alivyoichomoa simu.

Duane alimkuta adhuhuri, alipokuja na mashine yake kuondoa theluji.

"Marlys! Mungu wangu! Mbona simu imeniambia mzima? Nimeiona, nikaendelea na kahawa yangu!"

"Najua, Duane," alijibu, meno yakigongana. "Najua ilivyokuambia."

Britta alifika hospitalini jioni, baada ya kuendesha gari saa nyingi kwenye theluji. Alimkuta mama yake amelazwa, vidole vya mkono vimefungwa bendeji kwa kuungua na baridi.

"Sielewi," alisema. "Kwa nini ilisema uko salama?"

"Ukiichomoa kwenye chaji inajibonyeza yenyewe."

"Umejuaje?"

"Nilijua tangu wiki ya kwanza. Verna anajua. Arlene anajua."

Britta akakaa. Hakufoka, maana hakuwa na nguvu za kufoka.

"Hiyo ni kazi ya jioni moja, mama. Ningelia kidogo, ningeirekebisha, ningelala."

Akatoa simu yake akaiondoa programu kwenye duka la mtandaoni. Kisha akaanza kuwaandikia waliokwisha kuipokea, watu wenye mama na baba zao wanaoishi peke yao, kuwaomba wasiuamini ule ujumbe wa asubuhi. Aliwaandikia mmoja mmoja, macho makavu. Marlys ndiye aliyeugeukia ukuta. Alililia nyonga yake, akawalia na wazee asiowajua ambao huenda asubuhi ile walikuwa sakafuni huku simu zikisema wazima, akalia mpaka mto ukalowa. Hakika, mchelea mwana kulia hulia yeye.