Siku Nilipompakia Shangazi Kwenye Machela

"Mwenye mguu ndiye mwenye mwendo." Jana mliisikia kwenye kikao cha harusi mkacheka, na wewe mjukuu wangu Elineema ukasema inawasifu wenye mbio. Sikukujibu kwa sababu palikuwa na wageni, na pia kwa sababu ya aibu. Methali hii niliiona ikizaliwa, na aliyefanya izaliwe ni mimi. Kaeni basi, niiseme mara moja nimalize.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeshonesha suruali mpya, najiona mwanamume kamili. Nilimpenda binti mmoja wa ng'ambo ya mlima, Naelijwa, binti wa Mzee Senkondo, naye alinipenda. Wazee wakakubaliana siku ya posa. Sasa, ukoo wetu haupeleki posa bila shangazi. Wanaume watazungumza mpaka makoo yawakauke, lakini neno lenyewe la kuomba binti hulisema shangazi wa kijana. Asipokuwepo, mnarudi na kibuyu chenu cha dengelua, pombe yetu ya miwa, mkakinywe nyumbani.

Shangazi yangu alikuwa mmoja tu, Shangazi Nanzia. Mguu wake wa kulia ulikauka tangu utotoni, akawa anatembea kwa mkongojo, akiuzungusha ule mguu kwa nje kila hatua. Alifika kila alikotaka kufika, sokoni, shambani, msibani, ila alifika kwa saa zake. Mama yangu alipofariki mimi nikiwa wa kunyonya, ndiye aliyenibeba mgongoni, kwa mguu ule ule.

Wiki moja kabla ya safari aliniita.

"Mwanangu, kwa Senkondo ni mwendo wa asubuhi moja kwenu ninyi," akasema. "Kwangu ni siku mbili. Niacheni nitangulie. Nitalala kwa rafiki yangu Nambike pale darajani, mtanikuta nimefika."

"Hapana, Shangazi. Tutakubeba."

"Sijaomba kubebwa. Mwenye mguu ndiye mwenye mwendo. Naomba siku moja tu."

Nikamwambia namhurumia, siwezi kumwacha ateseke na ile milima. Watu wakanisifu, wakasema kijana huyu ana moyo. Nami nikazipokea zile sifa, nikazivaa kama ile suruali.

Ukweli nitawaambia ninyi. Haikuwa huruma. Kabla ya kufika kwa Senkondo kuna mteremko mrefu unaoonekana wote kutoka uani kwao. Nilikuwa nikiwaza wakwe wamesimama pale wanamtazama shangazi yangu akishuka, bega moja juu, bega moja chini, na mashemeji wanacheka chini kwa chini. Nilitaka wamwone tu akiwa ameshakaa. Nilimwonea haya mtu aliyenilea, nikaiita haya hiyo huruma.

Basi tukakata miti miwili, tukafunga blanketi katikati, tukapata machela. Siku hizo hakukuwa na barabara ya gari huku juu, na machela ilikuwa na kazi mbili tu: kumteremsha mgonjwa zahanati na kurudisha maiti kwao. Sisi vijana, kwa shauku ya harusi, hilo halikutujia akilini. Shangazi alikumbuka.

"Mnanipakia kwenye hicho?" akauliza.

"Jua litatuwahi, Shangazi. Panda tu."

Akalala. Nikamfunika kanga usoni, nikisema ni kwa ajili ya jua.

Tulipotokea juu ya mteremko, wanawake waliokuwa wakipika uani kwa Senkondo waliinua macho wakatuona: wanaume wanne, machela, mtu amefunikwa uso. Mmoja akapiga yowe, wengine wakampokea. Hatujafika hata katikati, kijiji kizima kinalia, watu wametupa majembe, na mama yake Naelijwa anatukimbilia amejifunga kanga kiunoni, anauliza tumefiwa na nani.

Shangazi akaketi juu ya machela. Yule mama nusura azimie.

"Niteremsheni," Shangazi akasema.

Akashika mkongojo wake, akaushuka ule mteremko mwenyewe, polepole, akizungusha mguu, bega moja juu, bega moja chini. Watu wote walisimama wakimtazama, kama nilivyoogopa. Hakuna aliyecheka, hata mmoja. Mimi nilifuata nyuma nikiangalia chini.

Uani Mzee Senkondo aliuliza kwa upole, "Huyu mama anaumwa?"

Nikawahi kujibu. "Hapana, baba. Alichoka njiani."

Shangazi akanigeukia. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Sikuchoka," akasema. "Leo sijapiga hata hatua moja mpaka hapo mteremkoni. Niliomba siku moja ya kutangulia, nikanyimwa. Mwenye mguu ndiye mwenye mwendo. Sababu ya kunyimwa aiseme mwenyewe."

"Haya, kijana," Mzee Senkondo akasema. "Tunakusikiliza."

Nilitafuta uongo wa pili, sikuupata. "Niliona haya," nikasema. "Sikutaka mumwone akitembea."

Naelijwa alikuwa mlangoni mwa jiko na sinia mkononi. Alisikia yote. Aliingia ndani, na tangu hapo sikumwona tena uso kwa uso.

Mzee Senkondo akasema, "Kilio kimeshapigwa hapa, posa haipokelewi leo. Hilo ni dogo, mngerudi siku nyingine. Lakini nikuulize, mwanangu. Binti yangu naye atazaa, ataugua, atazeeka. Siku akianza kuchechemea, utamfunika kanga usoni?"



Hapo ndipo Shangazi alipoinuka. Nilidhani anaaga. Kumbe alikuwa analisema neno la posa. Alilisema lote, tangu majina ya wazee wetu hadi ombi lenyewe, kwa sauti ya kunyooka, ananiombea mke mimi niliyemficha. Wajukuu zangu, nimepata aibu nyingi maishani, lakini ile ilinifanya nitamani kulala mimi kwenye machela ile.

Mzee Senkondo alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, nimekusikia," akasema. "Ingekuwa binti nakupa wewe, ungeondoka naye leo hii."

Wenzangu walirudi siku ile ile na machela yao tupu. Mimi nilirudi na Shangazi kwa siku mbili, nikitembea nyuma yake, nikisimama aliposimama. Hakunikaripia. Alinionyesha tu mawe anayopumzikia, na nyumba ambazo watu walitoka kumsalimu kwa jina. Mimi, mwenye mbio zangu, nilikuwa nimepita njia ile mara kumi bila kujua mtu hata mmoja.

Bibi yenu nilimwoa miaka sita baadaye, katika ukoo mwingine. Ninyi mliizoea habari hiyo, hamkuwahi kuuliza kwa nini nilichelewa. Ni kwa kuwa kila nyumba niliyobisha hodi ilikuwa imeshasikia yale maneno ya Shangazi, na walioyasikia waliniangalia, wakaniuliza kwa adabu tu kama mimi ndiye yule wa machela. Nikajibu ndiyo. Kwa hiyo, Elineema, methali hii haiwasifu wenye mbio, inamwachia kila mtu mwendo wake mwenyewe. Mwenye mguu ndiye mwenye mwendo.