Salama ya Nyasini

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama mliolazimishwa. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja. Hapo zamani za kale walikuwepo kanga bondeni. Kanga ndege, wewe unayecheka, si kanga ya kujifunga. Mayai yao waliyaficha kwenye nyasi ndefu.

Kiangazi kikaingia. Chakula kikaisha. Ikabidi kanga waende mbali kuchakura. Na mayai je, atayalinda nani?

Akaja Nguchiro. Nguchiro na nyoka hawapatani, hilo mnalijua. Akasema, "Ulinzi niachieni mimi. Nendeni mkale. Jioni mniletee panzi, mniwekee hapa njiani. Ila nyasini msiingie, mtawaonyesha nyoka njia."

Kanga wakakubali haraka. Mmoja tu alisita, Bi Madoa. Mwaka uliopita nyoka alimmalizia mayai yote, akalia mpaka sauti ikamkauka. Akauliza, "Tukikatazwa kuingia, tutajuaje kama mayai yapo?"

"Tutauliza," wakasema wenzake. "Hatuna midomo?"

Basi wakaenda, kre kre kre. Jioni wakarudi, wakasimama njiani. "Habari za mayai?"

"Salama," sauti ikajibu nyasini.

Wakaweka panzi, wakapanda mitini kulala. Kesho yake hivyo hivyo. Habari za mayai? Salama. Kesho kutwa, habari? Salama. Miguu imechoka, tumbo limejaa, nani ataingia nyasini?

Bi Madoa ndiye hakupata usingizi. Akasema, "Sauti ya Nguchiro mbona imekuwa nzito?"

"Ana mafua," wakamjibu.

Asubuhi moja akaona panzi wa jana wako pale pale, hawajaguswa. Akasema, "Na huyu mlinzi, mbona hana njaa?"

"Wewe una wasiwasi mno. Tumempa kazi, mwache afanye kazi."

Wakaondoka. Bi Madoa akabaki. Akaita, "Nguchiro, toka nikuone."

"Salama," ikajibu sauti.

Mimi sikuulizia habari, akawaza Bi Madoa. Nimesema toka. Akaingia nyasini, chwaa, chwaa, chwaa. Akamkuta Kenge amelala, tumbo limevimba, maganda yamemzunguka.

"Nguchiro yuko wapi?"

"Amepata kazi nyingine, analinda mayai ya kware ng'ambo ya kijito. Huku ameniachia mimi."

"Na kila siku unatuambia salama?"

Kenge akalamba mdomo. "Mlinisalimia, nami nikaitikia. Mtu akiulizwa habari atasema nini, bibi? Hiyo ni adabu tu."

Bi Madoa akapiga kelele, kreee! Kundi likarudi mbio. Wakamdonoa Kenge, ko ko ko, akatoroka damu zikimtoka. Kisha wakavuka kijito kumkabili Nguchiro.

Nguchiro akashangaa kwelikweli. "Lakini mimi kila siku nilimwuliza Kenge, habari za huko? Akasema salama."

Kanga wakatazamana. Hasira walikuwa nayo, lakini wakageuka. Nao si walifanya hivyo hivyo?

Wakarudi kutafuta nyasini. Maganda, maganda, maganda. Chini ya miba wakakuta yai moja zima. Wakaulizana, hili ni la nani? Hakuna aliyejua, maana tangu siku ile hakuna aliyeyatazama. Kila mama akasema huenda ni langu, na hakuna aliyethubutu kuapa.

Bi Madoa hakungoja wamalize. Akalikalia. Alikaa na njaa yake, na kila aliyemwambia ainuke kidogo akale alimtazama kwa jicho baya.

Mmesikia, watoto? Na ninyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia? Kazi yako unaweza kumpa mwingine. Kwenda kuitazama kwa macho yako, hilo humpi mtu. Na ukimkabidhi mtu, ujue naye kamkabidhi nani.

Hadithi yangu naikatia hapo. Aliyebaki na swali amwulize Kenge.