Nani Atie Sahihi kwa Binti Mkaa?

Sogeeni karibu, watu wazima na watoto, na mwenye mtoto mgongoni asogee naye. Nina kesi ya watu watatu, na sijapata wa kuiamua.

Palikuwa na Maganga, fundi viatu wa Tabora, ambaye kipaji chake kilikuwa mdomo. Mteja alikuja kushonewa soli akaondoka jua limepinda, kiatu hakijaguswa, hadithi imemnogea. Palikuwa na shemeji yake, Mama Minza, ambaye kipaji chake kilikuwa penseli. Aliwachorea wanawake maua na ndege kwenye vitambaa vya makochi, wao wakadarizi. Na palikuwa na Kalunde, ambaye kipaji chake kilikuwa rangi, ingawa vidole vyake vilikuwa vimeshikana kwa moto na brashi aliibana kwa viganja viwili.

Kati yao palikuwa na pengo. Lilikuwa la Minza, binti pekee wa Mama Minza, aliyekaa dawati moja na Kalunde tangu darasa la kwanza. Bweni la shule yao liliungua alfajiri moja, na mlango ulikuwa umefungwa kufuli kwa nje. Minza alimsukuma Kalunde akapita kwenye dirisha lililokuwa limelegea nondo, kisha akarudi ndani kuwafuata wadogo. Aliyekuwa na ufunguo hajaulizwa mpaka leo.

Msiba ulipokwisha, Mama Minza aliacha kusema. Maganga hakujua kumfariji mtu, kwa hiyo akafanya analolijua. Alikaa kizingitini kwa shemeji yake na viatu vyake vya kushona, akaanza kusimulia habari za Binti Mkaa, msichana mweusi tititi ambaye moto haukumweza. Aliingia nyumba inayowaka, akaumeza moto kama maji, akatoka na watu wote, halafu akacheua moshi na kuomba uji. Kila alipokuja, Maganga alimpeleka kwenye moto mwingine, na kila mara alimtoa mzima. Bila mdomo wa Maganga, Binti Mkaa asingezaliwa.

Siku moja Mama Minza akafungua kinywa.

"Shemeji, huyo mtoto unamsimulia kama hana uso."

Akachukua penseli yake ya vitambaa. Akamchora Binti Mkaa paji pana, mwanya, pua iliyojaa na sikio moja lililochomoza kuliko lenzake. Maganga alipoiona karatasi ile alitoka nje, akajifanya anatafuta kiberiti, wala hakuwa mvutaji. Tangu hapo yeye alisimulia, mama akachora, mpaka kikawa kitabu kizima cha katuni. Bila penseli ya Mama Minza, Binti Mkaa angebaki upepo tu wa mdomoni.

Ulipofika wakati wa jalada, kila mmoja alimwambia mwenzake aandike jina lake, na kila mmoja akakataa. Mwisho wakaandika: "Kimetungwa na Minza." Waliona ni vizuri hivyo.

Maganga akakipeleka kwa kampuni kubwa ya vitabu, Dar es Salaam. Akaambiwa watoto wanataka mashujaa wa kwenye televisheni. "Halafu mweusi namna hii, baba, nani atamnunua? Macho yenyewe hayaonekani." Akarudi na kitabu chake, wakakifungia kwenye sanduku la bati.

Miaka yote hiyo Kalunde alikuwa akiingia na kutoka hospitali. Ngozi ilipandikizwa, ikakataa, ikapandikizwa tena. Alipotulia nyumbani alikuwa mwanamke mzima. Alikwenda kumwamkia Mama Minza, akamkuta anatoa nguo sandukuni, na chini ya nguo zile akaona uso anaoujua. Mchwa walikuwa wamepenya kwenye kutu ya sanduku na kula pembe za karatasi.

Aliomba kurasa zile. Kwa viganja vyake alichanganya nyeusi yenye zambarau ndani yake, nyeusi inayong'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Alizipaka zote, akazipiga picha, akawa anazituma kwenye simu moja moja. Watu wakatumiana. Haukupita muda mrefu, watoto wa Kigoma na wa Mombasa walikuwa wanajipaka masizi usoni na kugombana nani awe Binti Mkaa. Bila rangi ya Kalunde, Binti Mkaa angekuwa chakula cha mchwa.

Hapo ndipo kampuni ileile ilipomtuma Bwana Kitundu. Aliketi sebuleni kwa Mama Minza, Maganga na Kalunde wakiwapo, akasifu vitambaa, akanywa chai.

"Siku hizi kila mtu anataka mashujaa wenye rangi yetu," alisema. "Hata huko ng'ambo wanawatafuta."

"Rangi yetu ilikuwepo hata mlipotufukuza," alisema Mama Minza. "Ongeza sukari, baba."

Bwana Kitundu akatoa mkataba. Mwandishi aliyeandikwa jaladani ni Minza, alisema, na marehemu hatii sahihi. Kampuni inamtaka mtu mmoja aliye hai. Huyo ndiye atakayekuwa na usemi juu ya Binti Mkaa, na wengine watakaa kimya. Kisha akaonyesha jalada walilolitengeneza. Binti Mkaa alikuwa maji ya kunde. Pua imechongoka, mwanya umezibwa, masikio yamefichwa na nywele.

"Tumemlainisha kidogo," alisema.

Maganga alilitazama jalada. "Nipeni mimi kalamu," alisema. "Nimemtoa motoni mara nyingi, sitaki afie sandukuni. Wampake wanavyotaka, mradi afike kwa watoto. Hadithi ni ileile."

"Shemeji, huyu si mwanangu."

"Si mwanao, ni Binti Mkaa."

"Basi kalamu niipate mimi, nimnyime huyu baba," alisema Mama Minza. "Sina picha nyingine ya Minza. Zote zilikuwa bwenini, ndani ya begi lake. Atarudi sandukuni na uso wake, nami nitajua yupo."

Kalunde alikuwa akitazama lile jalada laini na kukumbuka mgongo wa Minza ukirudi kwenye moshi. Hakuutazama uso siku ile. Alikuwa ameshatupwa nje.

"Bwana Kitundu," alisema, "nikitia sahihi mimi, uso utabaki huu wa Mama. Lakini ukurasa wa mwisho nitaubadili. Aingie bwenini, awatoe watu, yeye asitoke. Na kufuli lionekane mlangoni."

Mama Minza aliweka kikombe chini.

"Unataka kumchoma tena, mwanangu?"

"Nataka wajue alikufa, Mama. Watoto wanacheza kama vile alitoka. Hakutoka. Mimi nilitoka."

Maganga alisema kwa sauti ndogo kwamba hadithi ya namna hiyo hakuitunga yeye.

Bwana Kitundu akafikiri kidogo. "Kwa mwisho huo uso unaweza kubaki," alisema. "Machozi nayo yanauzika." Akaitandaza karatasi, akaweka kalamu juu yake, akatazama saa. Basi lake lilikuwa karibu kuondoka, na alisema hatarudi.

Basi amueni ninyi. Akitia sahihi Maganga, Binti Mkaa atakwenda kila mahali, ila hatakuwa na uso wa Minza. Akiushika mkataba Mama Minza, uso utabaki, ila hakuna mtoto mwingine atakayeuona. Akitia Kalunde, watauona uso na watalijua kufuli, na Mama Minza atamzika bintiye mara ya pili, mbele ya watu.

Mmoja alimzaa kwa mdomo, mmoja akampa sura, mmoja akamfufua. Kalamu iko mezani, na wote watatu wameinyooshea mkono. Wewe uliyesikiliza, ungeisogeza kwa nani?