Mkaja Mmoja, Viuno Vitatu

Haya, sogeeni. Aliye na karanga agawe, asiye nazo akinge mkono, na mtoto anayesinzia aamshwe, maana mwisho wa hadithi hii nitahitaji kauli ya kila mtu. Mimi kazi yangu kusimulia, ninyi kazi yenu kuamua. Msije mkaniambia baadaye kwamba hamkusikia vizuri.

Palikuwa na wanawake watatu mjini Tanga, na kila mmoja alikuwa na jambo lake ambalo hakuna aliyemshinda.

Wa kwanza ni Kidawa. Huyu alikuwa na mgongo. Mnacheka? Kila mtu ana mgongo, ndiyo, lakini wa Kidawa ulikuwa haujui kuchoka. Wa pili ni Bi Mwantumu, mpishi, ambaye alikuwa na subira mpaka inakera. Angeweza kungoja maharage yaive kwa moto wa kibatari. Wa tatu ni Mama Salome Shemdoe, fundi cherehani, na huyo alikuwa mbishi. Ukimwambia jambo haliwezekani, umemchokoza.

Watatu hawa waliunganishwa na mtu mmoja, Mboni, binti ambaye hakuna anayejua alizaliwa wapi.

Kidawa alimkuta sokoni, nyuma ya meza za vitunguu, amekaa chini analia. Soko likafungwa, hakuna aliyekuja kumchukua. Mtoto alikuwa hata miaka miwili hajatimiza. Kidawa mwenyewe alikuwa na miaka kumi, na makazi yake yalikuwa humohumo sokoni, juu ya maboksi. Alimfunga mgongoni kwa kanga iliyochanika, wakaishi hivyo mwaka mzima. Akipewa andazi, analitafuna kwanza lilainike, kisha anamlisha. Mvua ikinyesha, anainama juu yake mpaka ipite. Wenziwe wakamcheka, wakamwita Mama Mboni, naye akaitika.

Kisha Mboni akashikwa na kikohozi kisichokoma. Kidawa alikuwa amesikia kwamba kuna nyumba Makorora inayopokea watoto wa mitaani, inaitwa Nyumba ya Tulizo. Akambeba mpaka getini. Msimamizi akatoka, akawatazama wote wawili, na uso ukamsawijika.

"Wanangu, kitanda kilichobaki ni kimoja."

"Ni cha huyu," Kidawa akajibu.

"Na wewe je?"

"Mimi nina kwetu."

Hakuwa na kwao. Alirudi kwenye maboksi yake mgongo mtupu, akilia njia nzima. Nyumba ile ilipokuja kuongeza vyumba, yeye alikuwa ameshapita umri wa kupokelewa. Alikua akiosha vyombo kwa mama lishe mmoja pale Ngamiani, na hakuna Idi iliyopita bila kumpelekea Mboni bangili za plastiki.

Huko Tulizo kikohozi kiliisha, ila njaa ilibaki, na haikuwa njaa ya tumbo. Mboni anakula, anashiba, kisha anaficha. Chapati chini ya godoro, wali mfukoni, kipande cha samaki ndani ya kiatu. Siafu wakaja, chumba kizima kikahama. Alikanywa, akabembelezwa, wapi! Darasani mwili ulikaa kwenye dawati, lakini macho yalikuwa jikoni. Basi Bi Mwantumu, mpishi wa pale, akamwita. Hakumgombeza. Alivua ufunguo wa stoo shingoni mwake, akamvika.

"Kuanzia leo mwenye stoo ni wewe. Mimi nikitaka unga, nitakuja kukuomba."

"Nikikunyima?"

"Tutashinda na njaa sote, mimi na wewe na wenzako."

Siku ya kwanza Mboni aliifungua stoo mara kumi na moja, kuhakikisha mchele bado upo. Bi Mwantumu akangoja. Wiki ya tatu aliifungua mara mbili. Na kila asubuhi yule mama mtu mzima, na heshima zake zote, alisimama mbele ya mtoto wa miaka sita akasema, "Mwenye stoo, naomba unga." Baada ya miezi miwili Mboni aliacha kuficha. Akaanza kucheza rede na wenzake, akaanza kusoma. Bi Mwantumu hakujaliwa mtoto, na ufunguo ule hakuudai tena mpaka siku binti alipoondoka.

Maana aliondoka. Pale Tulizo ukitimiza miaka kumi na minane unampisha mwingine, na huwezi kuwalaumu, hata wewe kuna aliyekupisha. Lakini Mboni alipotoka na begi lake hakuwa na pa kwenda, na aliona haya kumwambia mtu. Miguu ikampeleka palepale alipoanzia, nyuma ya meza za vitunguu. Mama Salome, aliyekuwa akienda Tulizo kila Jumamosi kufundisha ushonaji, alimkuta pale siku ya tatu.

"Nyanyuka twende."

"Sitaki kumsumbua mtu, mama."

"Kwani nimekuuliza unataka nini?"

Akampeleka kwake Chumbageni, akampa chumba kilichoachwa na wanawe wa kiume, akamkalisha kwenye cherehani. Mboni akatoroka. Alitaka kuondoka mwenyewe kabla hajaambiwa aondoke. Mama Salome akamfuata kwa miguu, sokoni mpaka stendi, akamrudisha. Akatoroka tena, akafuatwa tena. Mara ya tatu vilevile. Mara ya nne Mboni alifika kona tu, akageuka mwenyewe. Akamkuta Mama Salome amekaa kizingitini anavaa viatu.

"Umeniwahi," Mama Salome akasema. "Nilikuwa ndio natoka."

Walicheka mpaka wakalia. Hakutoroka tena. Sasa ana cherehani zake mbili, na nusu ya sare za shule mnazoziona mtaani kwao kazishona yeye.

Haya, hapo ndipo palipo na kazi yenu. Mboni alipata mchumba, Sefu, fundi baiskeli, kijana mpole. Siku ya harusi wakwe wakaja kwa vigelegele na sinia, na juu ya sinia kuna mkaja. Ninyi wa siku hizi huenda hamuujui. Mkaja ni kile kitambaa anachofungwa mzazi kiunoni akishajifungua, mwili urudi mahali pake. Binti akiolewa, wakwe humletea mama yake mkaja mpya, kama kumwambia kwamba uchungu wako tunaujua, na tunakushukuru.

Bi Shali, shangazi yake Sefu, akasimama katikati ya chumba. "Mama wa bibi harusi ni yupi, tumfunge?"



"Mimi sikuzaa," akasema Bi Mwantumu. "Kiuno hiki hakijafungwa kitu. Nisiwadanganye, nautamani."

"Mimi ni Mkristo, na desturi hii sikukua nayo," akasema Mama Salome. "Lakini mtoto niliyemfuata kwa miguu ni huyu mmoja. Na mimi nautaka."

Kidawa alikuwa mlangoni, ndala mkononi, mikono inanukia sabuni ya vyombo. Bi Shali akamwona. "Na huyu ni dada yake?"

"Si dada yake," Kidawa akajibu kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyeitwa mama yake mwanzo."

Mboni akainuka. Fundi ni fundi, jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye mkasi.

"Thubutu!" Bi Shali akamaka. "Ukiukata mara tatu hautamtosha yeyote. Utakuwa umewagawia vitambaa vya kufutia meza."

"Basi ongezeni miwili," mtu akasema.

"Kwani huyu kazaliwa mara ngapi?" Bi Shali akajibu. "Achague mwenyewe. Hatutoki hapa mpaka mtu amefungwa."

Mboni akauchukua mkaja kwa mikono miwili. Alikuwa analia, wanja wote umemtiririka. Asingekuwapo wa kwanza, asingefika getini akiwa hai. Asingekuwapo wa pili, angekuwa anaficha chapati mpaka leo. Asingekuwapo wa tatu, angezeekea nyuma ya meza za vitunguu. Alilijua hilo kuliko sisi sote tuliokuwa chumbani. Akavuka mkeka, akapiga magoti mbele ya mmoja wao, akaanza kumfunga.

Mbele ya nani?

Mimi najua, kwa sababu sinia nililishika mimi. Sisemi. Nitawaambia hili tu: wale wawili ambao hawakufungwa walipiga vigelegele kuliko watu wote, kisha mmoja wao akaenda uani kulia, na mpaka leo sijui kilikuwa kilio gani.

Je, wewe ungemfunga nani? Na ukishamtaja, geuka uwatazame wale wawili waliobaki, uwaambie kwa nini si wao.